Nilimpaka Shangazi Tope la Watu Wengine

Wiki iliyopita niliwaacha mkono wangu ukiwa ndani ya ndoo ya tope. Leo nautoa.

Kwa wewe unayeanza kunisoma leo: mimi ni mkandaji. Miaka sita nilifanya kazi hospitalini, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, nikinyoosha magoti na migongo ya watu, kabla tamaa haijanishika mkono na kunipandisha kwenye meli ya watalii. Meli ya ghorofa kumi na mbili, na spa iko ghorofa ya tisa. Mgeni anavua nguo, analala, tunampaka tope jeusi kutoka shingoni hadi vidole vya miguu, tunamfunga kwa nailoni kama maandazi ya safari, tunamwacha dakika arobaini. Tangazo linasema tope linavuta sumu mwilini.

Asubuhi ile nilikuwa nachota tope la mgeni wa kwanza. Vidole vikagusa kitu laini. Nikakivuta.

Ilikuwa plasta ya kidole cha mguu. Imejikunja, na katikati yake imeng'ang'ania ngozi kavu ya mtu.

Mgeni wangu wa kwanza alikuwa hajavua hata viatu.

Niliifunga plasta ile kwenye karatasi ya chooni, nikamwambia mgeni anisubiri kidogo, nikaenda nayo moja kwa moja ofisini kwa msimamizi wetu. Wafanyakazi tulimwita Mama Marashi. Manukato yake yalifika mlangoni dakika nzima kabla yake, na akiondoka yalibaki kama deni la mtu asiyekuwa na haraka.

"Madamu, hii nimeitoa kwenye ndoo."

Aliitazama. Akachukua kalamu, akaisukuma karatasi ile pembeni kwa ncha, asiiguse.

"Umemwonyesha nani?"

Hakuniuliza imetoka wapi. Aliniuliza nimemwonyesha nani. Hapo nikajua kwamba mgeni katika jambo lile nilikuwa mimi peke yangu.

"Sijamwonyesha mtu."

"Vizuri. Funga mlango, ukae."

Akanieleza bila hata kupunguza sauti. Tope jipya liliisha bandari ya tatu. Lingine halitaletwa hadi mwisho wa mwezi. Wageni wameshaandikishwa, vitabu vimejaa. Kwa hiyo mgeni akishaoshwa, tope lake halimwagwi. Linakwanguliwa, linachujwa, linaongezwa maji ya moto na matone ya mnanaa, linarudi kwenye ndoo.

"Tunampaka mwingine?"

"Tope hili limekaa chini ya ardhi miaka milioni," alisema. "Unadhani litaoza kwa sababu limelala na mtu dakika arobaini?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kutapika. 

"Aliyekuwa analichuja ameshuka bandari iliyopita," aliendelea. "Kuanzia leo ni wewe. Utakuwa mkuu wa chumba cha tope. Utahama kule chini, utapewa kabini yako peke yako, yenye dirisha. Na ile tiketi ya ndugu uliyonisumbua nayo tangu umefika, naitia sahihi sasa hivi."

Akaivuta droo. Fomu ilikuwa humo tayari. Jina la meli limepigwa chapa, nafasi ya jina la ndugu ipo wazi.

Naomba hapa mnisome vizuri, kwa sababu wapo wanaoandika kunitetea. Sikulazimishwa. Hakunishikia kisu. Niliifikiria kabini ile ya chini, wanawake wanne, hewa moja, nguo zimeanikwa juu ya uso wako. Nikafikiria dirisha. Nikafikiria shangazi yangu.

Nikaandika jina la Shangazi kwenye fomu.

Kisha nikarudi chumbani, nikamwambia mgeni wa kwanza, "Samahani kwa kukuchelewesha, mama, sasa tunaweza kuanza," nikampaka.

*

Kuna msomaji mmoja ameniandikia. Anasema yeye na mumewe wanajiandaa kwa safari ya meli, ndoa yao inatimiza miaka ishirini. Anauliza: "Dada, hizo huduma za spa zinastahili pesa yake, au tunaibiwa?"

Dada yangu, nitakujibu kwa niliyoyaona kwenye meli moja tu, ile yangu. Kukandwa mgongo ni kukandwa mgongo. Kama mkandaji amesoma kazi yake, utasikia nafuu baharini kama utakavyosikia nchi kavu, ila baharini utalipa mara nne na mikono ni ileile. Hayo mengine, kuvutwa sumu, kupunguzwa tumbo kwa mwani, kurudishiwa ujana wa shingo, jibu lake ni ndoo yangu. Ogeni maji ya moto, mlale mchana, mshikane mikono. Mtashuka mmenenepa kidogo na mmependana zaidi.

Na kama bado unataka, omba ufunguliwe chombo kipya mbele ya macho yako. Mhudumu akianza kukueleza habari za miaka milioni, vaa viatu vyako uondoke.

*

Kuchuja nilichujia kwenye chumba cha kufulia taulo, nyuma ya spa, kwa chujio la jikoni.

Sitaki kuwaharibia chakula, lakini nimeahidi kusema yote. Tope la mtu likipoa linatoa mafuta juu, utando wa kijivu unaong'aa. Mafuta yale siyo ya tope. Chini ya utando kuna nywele. Za kichwani ni ndefu, zinajifunga kwenye chujio kama uzi. Nyingine ni fupi, nazo zinajieleza zilikotoka. Siku moja nilitoa ukucha mzima uliopakwa rangi nyekundu. Nilinawa mikono hadi vidole vikachanika, na bado nilipopeleka kijiko mdomoni niliisikia ile harufu: mnanaa juu, jasho chini.

Ajabu ni kwamba nilizoea. Wiki ya kwanza nilikuwa nashindwa kula. Wiki ya pili nilikuwa nachuja huku naimba.

Na nilikuwa muuzaji mzuri. Wageni waliniamini kwa sababu niliongea kama mtu wa hospitali. Alikuja mzee mmoja, dereva wa basi aliyestaafu, mgongo umekakamaa kwa miaka ya usukani. Nilipomwosha, maji meusi yakawa yanashuka kwenye bomba la sakafuni. Akainama kuyatazama.

"Hiyo ndiyo sumu yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Yote hiyo?"

"Miaka mingi uliyokaa na moshi, baba. Usitegemee itoke nyeupe."

Lilikuwa tope tu, jeusi kwa sababu tope ni jeusi. Mzee wa watu akatikisa kichwa kwa masikitiko juu ya mwili wake mwenyewe, akaniambia nimwandikishe na mkewe kesho yake. Nikamwandikisha. Usiku wake tope lake lilikuwa kwenye chujio, na asubuhi lilikuwa mwilini mwa mkewe. Nilijiambia hao angalau wamezoeana.

Ndivyo nilivyokuwa nimefika. Nilikuwa nafanya utani.

*

Shangazi alipanda meli Jumatatu saa nne asubuhi, akiwa na sanduku jipya na viatu vipya.

Shangazi ndiye mama yangu. Mama mzazi alifariki nikiwa na miaka saba, na dada wa baba akaja msibani na mfuko mmoja akaondoka na mfuko huohuo pamoja na mimi. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Miaka thelathini alisimama mbele ya masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake, na mwiko mrefu kama kasia. Miguu yake ndiyo iliyonisomesha. Sasa ilikuwa imevimba kwenye vifundo, na sukari imemshika mwaka wa tisa.

Kwa simu nilikuwa nimemwambia ninafanya kazi ya tiba.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akanishika mashavu, akanigeuza huku na huku. "Umekonda. Meli kubwa hivi wanakunyima chakula?"

"Nakula, Shangazi."

"Unakula nini, upepo?"

Alikuwa anachechemea. Nikamkalisha kabini kwangu, chini ya dirisha langu, nikamvua kiatu. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimechubuka, lengelenge limepasuka, nyama nyekundu iko nje, ndogo kama sarafu.

"Viatu tu hivyo," alisema. "Sikutaka kuja kwa wenye meli na ndala."

Kila mtu aliyefanya kazi hospitali anajua mtu mwenye sukari na kidonda mguuni ni habari gani. Nilimsafisha, nikamfunga bandeji, nikamkataza kuvaa vile viatu. Akatembea meli nzima na ndala zangu za bafuni, akijitambulisha kwa wageni kwenye lifti.

"Mimi ni shangazi yake daktari wa ngozi. Yule wa ghorofa ya tisa."

Watu wakampongeza. Mimi nikatazama sakafu.

*

Jumatano Mama Marashi alimkuta Shangazi amekaa kwenye viti vya mapokezi ya spa, ananisubiri tukale.

"Huyu ndiye mama yetu?" alisema, mikono miwili mbele. "Karibu, mama. Binti yako ni nguzo hapa. Na wewe hutaondoka bila kuonja mikono yake. Leo saa nane, huduma kamili ya tope, zawadi kutoka kwangu. Na tutapiga picha moja ya kuweka ukutani, mama na mwana."

Shangazi akaweka mkono kifuani. "Mimi?"

"Wewe hasa."

Nikamfuata Mama Marashi ofisini.

"Madamu, shangazi yangu ana sukari. Ana kidonda kisiginoni. Fomu ya afya ya wageni yenyewe inakataza."

"Basi fomu isiwe na sukari."

"Madamu."

"Sikiliza, binti. Wageni wote waliokaa pale mapokezi wamesikia. Mkuu wa chumba cha tope anakataa kumpaka mama yake tope. Wewe ukiwa mgeni, utafikiri nini?" Akanisogezea fomu. "Kidonda kifunge nailoni. Wewe ni mtu wa hospitali, au ulitudanganya?"

Nilitoka nikiwa na njia moja iliyobaki. Nilimvuta Shangazi pembeni, karibu na mashine ya maji.

"Shangazi, usikubali. Ile huduma siyo nzuri kwako."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya sukari."

"Mbona msimamizi wako amesema zawadi? Hajui kazi yake?"

"Anajua, ila... wewe sema tu umechoka."

Akanitazama. Nikaona uso wake unabadilika, polepole, kama moto unaopunguzwa chini ya sufuria.

"Unanionea aibu," alisema.

"Hapana, Shangazi."

"Hutaki mwili wangu wa kizee ulale pale walipolala wenye meli. Miguu yangu mibaya, nimeiona hata mimi. Ungeniambia ukweli tu, mwanangu, nisingekuja."

Kulikuwa na sentensi moja ya kumjibu. Sentensi fupi. Tope lile lina nywele za watu, Shangazi. Ilikuwa kwenye ulimi wangu. Lakini nyuma yake zilisimama nyingine: nani analichuja, tangu lini, na ile tiketi uliyojia hapa ililipiwa na nini.

"Sikuonei aibu," nilisema. "Twende nikupake."

Nikajaza fomu. Kwenye swali la sukari nikatia alama penye hapana. Kwenye vidonda, hapana. Nikatia sahihi kwa mkono huu ninaoandikia hadithi hii.

*

Kisigino nilikifunga tabaka tatu za nailoni, juu nikapiga plasta ya hospitali. Nilimpaka taratibu. Alifumba macho tangu mwanzo. Nilipofika mgongoni aligeuza pua kidogo, akavuta pumzi, kama mtu anayesikia kitu chumba cha pili. Nikamuuliza kama tope ni la moto sana.

"Hapana," alisema. "Endelea."

Tukapigwa picha. Mama Marashi katikati, mimi na kijiko cha tope, Shangazi amefungwa hadi kidevuni, anatabasamu.

Dakika arobaini baadaye nilipofungua nailoni, nilikuta amelala usingizi, na usingizini alikuwa amesugua mguu kwa mguu. Plasta ilikuwa imebanduka. Nailoni za kisiginoni zilikuwa zimeviringika juu ya kifundo kama soksi. Kidonda kilikuwa kimejaa tope.

Nilikiosha kwa sabuni. Nikakiosha kwa spiriti hadi akaamka akinung'unika. Nikakiosha tena. Niliosha kama mtu anayejaribu kuosha Jumatano yote.

"Inatosha sasa," Shangazi alisema. "Utabandua mfupa."

Alhamisi kisigino kilikuwa kimezungukwa na wekundu. Nikambembeleza twende zahanati ya meli, akasema mguu wake anaujua. Ijumaa wekundu ulikuwa umepanda hadi kwenye fundo la mguu, ngozi ya moto, inang'aa. Jumamosi asubuhi niliingia kabini na chai, na harufu ikanipokea mlangoni. Tamu, nzito. Nilishawahi kuisikia hospitalini, kwenye wodi ambayo watu huingia na miguu miwili.

Nikamwita daktari wa meli, sikumwuliza Shangazi tena.

*

Daktari wa meli alikuwa mtu mpole. Mwembamba, mikono safi, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye maktaba. Alimlaza Shangazi kwenye kitanda cha zahanati, akafungua bandeji, akabonyeza juu ya kisigino. Usaha ukatoka, wa kijani.

"Homa ilianza lini, mama?"

"Jana."

"Na kidonda hiki kimeguswa na nini?"

Nilivuta pumzi. Shangazi akanitangulia.

"Viatu, daktari. Viatu vipya tu."

Daktari akamtazama, akanitazama mimi, akaandika. Akasema anakwenda kuchukua dawa ya mshipa, na kwamba bandari inayofuata ni kesho kutwa, na huenda mguu usingoje kesho kutwa. Alisema hivyo hivyo, kwa upole wake. Akatoka.

Tukabaki wawili. Mashine ya kupima mapigo ya moyo ilikuwa inalia kidogo kidogo.

"Shangazi, kwa nini umemwambia viatu?"

"Kwani siyo viatu?"

"Unajua siyo viatu."

Alifumba macho.  Kisha akaongea huku amefumba hivyohivyo.

"Mwanangu, nimepika miaka thelathini. Wapishi wenzangu walikuwa wananiletea sufuria nimwambie mkuu wa shule kama chakula ni cha leo au cha jana. Kiporo nakijua kwa pua, hata ukitie viungo gani." Akalamba midomo iliyokauka. "Lile tope lilikuwa kiporo."

Sikuweza kumwangalia.

"Ulijua? Palepale?"

"Ulipofika mgongoni."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, ungefukuzwa mbele ya watu. Nikasema ngoja aseme mwenyewe. Mtoto niliyemlea atasema tu." Akafungua macho. "Alhamisi nikangoja. Ijumaa nikangoja. Leo nimeona nisikungoje, nikasema viatu."

Nimetukanwa na wageni kwenye meli ile. Nimewahi kutupiwa taulo lenye matapishi. Hakuna kilichoniingia kama maneno yale, yaliyosemwa na mtu mwenye homa, bila hasira hata kidogo. Nilijichukia hadi kucha. Nilijiona nimepakwa tope lile mimi mwenyewe, lote, kuanzia la mgeni wa kwanza.

Mlango ukafunguliwa. Daktari alirudi na chupa ya dawa, na nyuma yake, harufu ikiwa imetangulia kama kawaida, Mama Marashi. Alikuwa ameshika fomu.

Hakumsalimia mgonjwa.

"Daktari, nimekuja mwenyewe ili mambo yawe wazi," alisema. "Chumba cha tope tumekifunga wiki mbili sasa, tope limeisha. Nimekiosha leo asubuhi, unaweza kwenda kuona, ndoo ni kavu. Kama kuna mtu amepakwa kitu humo, basi huyu mkuu wa chumba amempaka kwa siri, kwa vitu vyake anavyovijua yeye. Hii hapa sahihi yake. Na hapa ameandika mama hana sukari."

Alinitazama kwa macho makavu kabisa. Wiki mbili. Picha tuliyopiga Jumatano sikuwa na haja ya kuiuliza; nilijua haipo tena ukutani.

Shangazi akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa wa moto kama kikombe.

"Sema," alisema.

Nikasema.

Nilisema yote, nikiwa nimesimama, macho yangu kwa daktari. Ndoo, plasta, chujio la jikoni, utando wa mafuta, nywele. Nilisema lilivyorudi kwa wageni siku kumi na nane mfululizo. Nilisema nililipwa nini: dirisha na tiketi. Nikasema fomu ile niliijaza mimi, na alama zile ni zangu, na uongo ule ni wangu. Nikamwomba jambo moja tu, aandike kilichoingia kwenye kidonda ili dawa atakayompa Shangazi iwe ya ugonjwa wenyewe. Nikamwambia wale wageni wengine bado wako melini, waitwe, wachunguzwe.

Nilipomaliza, kifua kilikuwa chepesi. Kwa mara ya kwanza tangu nipande meli ile nilihisi niko safi. Nikamtazama Mama Marashi nikitegemea nimwone ameanguka.

Alikuwa anafunga mlango. Kwa ndani. Aligeuza kitasa, akauegemea mgongo, akatulia.

Daktari hakuandika chochote. Aliiweka chupa ya dawa juu ya meza, mbali na kitanda. Akavua glovu, moja, kisha ya pili. Hakuonekana kushtuka hata kidogo. Alionekana mtu aliyechoshwa na mtoto anayerudia kosa lilelile.

Akageuka, siyo kwangu. Kwa Mama Marashi.

"Nilikuambia uwe unalichemsha," alisema.